Naombeni ushauri: kuna mtu tusiyemjua anaingia kwenye kikao chetu cha harusi Zoom

Katibu_Tabata: Habari zenu wakuu. Mimi ni katibu wa kamati ya harusi ya mdogo wangu, vikao tunafanyia Zoom kila Jumapili usiku maana wajumbe wengine wako Mwanza na foleni za Dar mnazijua. Juzi kulikuwa na mtu kajiita "Galaxy", kamera kazima, maiki kazima, nikadhani ni shangazi. Jumatatu asubuhi wajumbe sita wakapata meseji, "ile ahadi yako tuma kwenye namba mpya ya mhazini", na kila mtu katajiwa kiasi chake kilekile! Wawili wameshatuma. Sijalala. Tufanyeje kikao kiwe siri?

Mzee_wa_Ilala: Pole mwanangu. Harusi yangu 1998 tulikaa chini ya mwembe, ahadi zinaandikwa kwenye daftari, na mhazini alikuwa jirani wa ukuta mmoja, Mungu amrehemu, hakupoteza hata senti.

FundiSimu_Sinza: Dada, hao wawili wapigie mtandao wao sasa hivi muamala uzuiwe, na meseji hiyo waitume 15040, namba ya kuripoti matapeli. Linki anayo nani?

Katibu_Tabata: Iko kwenye grupu letu tu. Na mtu mwenyewe namjua, ni mtoto wa mjomba, ana madeni, nimeshamtoa kwenye grupu na mama yake nimemwambia.

mamaNasra: Umeenda kwa mama yake bila ushahidi? Uliingia moyoni mwake?

Mbezi_Beach: Hamieni WhatsApp, inabeba watu 32 na mazungumzo yamefungwa kwa msimbo pande zote.

FundiSimu_Sinza: Kufungwa kunamzuia anayesikiliza njiani. Aliyekwishaingia anasikia kama nyie, akiweka simu ya pili mbele ya kioo anarekodi.

Kidume_Mbagala: Hii chai. Zoom ya bure inakata dakika 40, kikao cha harusi dakika 40 si mnaishia kwenye salamu? Na huyo Galaxy namba za watu kazitoa wapi?

Katibu_Tabata: Sio chai kaka, kuna hela za watu hapa! Ikikata tunarudi kwa linki ileile, ile ya kudumu ya akaunti yangu, tunaitumia tangu Januari. Namba za simu ziko kwenye Excel ya ahadi, huwa naifungua kwenye skrini wote waone.

mamaNasra: Tangu Januari. Na haijawahi kutoka nje ya grupu?

Katibu_Tabata: Mwezi wa pili niliweka skrinshoti ya kikao stetasi, tulipendeza. Nilikuwa nimefungua maelezo ya kikao nimsomee baba mdogo, kwa hiyo namba ya kikao na paswedi vilionekana. Lakini stetasi inakaa masaa 24 tu jamani, na wanaoiona nawajua!

Kidume_Mbagala: Basi nafuta kauli. Pole dada.

FundiSimu_Sinza: Hapo ndipo mlango ulipo. Novemba 2020 waziri wa ulinzi wa Uholanzi alirusha Twitter picha ya kikao cha mtandaoni cha mawaziri wa ulinzi wa Ulaya, zikaonekana tarakimu tano za paswedi kati ya sita, mwandishi wa habari akabahatisha ya mwisho akaingia mzima mzima. Sasa fanya hivi, ile linki ya kudumu achana nayo, kila kikao tengeneza mpya na paswedi yake, washa sehemu ya kusubiria ili uwaingize mmoja mmoja, aliyejiita jina la simu abaki nje mpaka ajitaje, wakitimia funga mlango wa kikao (Lock Meeting), hapo hata mwenye linki haingii. Na Excel ya kwenye skrini toa namba za simu.

mamaNasra: Na mtoto wa mjomba?

Katibu_Tabata: Bado madeni anayo, hilo sijazua.

mamaNasra: Madeni yake hayakuweka skrinshoti stetasi, dada.

Katibu_Tabata: Mrejesho. Mmoja hela yake imezuiwa, ya mwingine ilishatolewa, nitamlipa mimi. Linki mpya ya Jumapili tayari. Mtoto wa mjomba nimempigia mara tatu hapokei, kesho natoka kazini naenda Gongo la Mboto kwa mama yake.