Kiwanda cha kukamua alizeti: tufunge mfumo wa ERP sasa, tusubiri, au tuachane nao?

Mkamuaji_Singida

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Ninasimamia uendeshaji wa kiwanda cha mafuta ya alizeti hapa Singida. Tunanunua mbegu kwa wakulima na kwa mawakala tunaowapa fedha za kununulia vijijini, tunakamua, tunasafisha mafuta na kuyafungasha katika chupa, madumu na ndoo za lita 20, na mashudu tunayauza kwa wafugaji na watengenezaji wa vyakula vya mifugo. Mauzo yamo katika programu ya uhasibu, ghala la mbegu lina daftari lake, uzalishaji unaandikwa kwenye karatasi za zamu, na vipuri vimo katika jedwali la Excel ambalo fundi mkuu ndiye pekee anayelielewa. Kila mwisho wa mwezi mhasibu huhangaika kupatanisha kumbukumbu hizo nne, na mara nyingi hazipatani.

Wakurugenzi wamepokea mapendekezo mawili ya mfumo wa ERP, yaani programu moja inayounganisha manunuzi, ghala, uzalishaji, mauzo na uhasibu. La kwanza ni mfumo mkubwa wa kigeni unaolipiwa leseni kwa kila mtumiaji. La pili ni mfumo wa chanzo huria, ambao leseni yake haina ada lakini kazi ya kuufunga na kuuhudumia inalipiwa. Wauzaji wote wawili wanaahidi kwamba tutaijua gharama halisi ya kila lita papo hapo. Msimu wa kununua mbegu umekaribia, na mwenye kampuni anataka mfumo uanze kabla yake ili manunuzi yote ya mwaka yaingie humo tangu gunia la kwanza. Mimi nina wasiwasi, ila sina hoja za kutosha za kumpelekea. Naomba ushauri wenu.

Stoo_na_Leja

Ndugu Mkamuaji, kabla ya kuchagua kati ya wauzaji hao wawili, fanyeni jaribio lisilo na gharama. Mhasibu aandike kiasi cha mbegu, mafuta, mashudu na vifungashio anachoamini kipo, kisha watu wasiohusika na ghala waende wakahesabu na kupima. Tofauti mtakayoikuta ndiyo itakayoingizwa kwenye mfumo mpya siku ya kwanza, na baada ya hapo itatokea kwenye ripoti nzuri zenye rangi ambazo wakurugenzi wataziamini kuliko walivyoliamini daftari.

Kwa kiwanda cha alizeti kuna jambo ambalo wauzaji wengi wa mifumo hawaliulizi kabisa, nalo ni unyevu. Tani 100 za mbegu zilizopokelewa zikiwa na unyevu wa asilimia 12, zikikauka ghalani hadi asilimia 8, zitabaki takriban tani 95.7 bila mtu yeyote kuiba hata kilo moja. Mfumo usioandika unyevu wakati wa kupokea na wakati wa kutoa mbegu kwenda kwenye mashine utaonyesha upotevu wa zaidi ya tani nne, na mtunza ghala ataitwa kujieleza kwa kosa la jua. Waombeni wauzaji wote wawili wawaonyeshe, kwa mbegu zenu na kwa tiketi zenu za mizani, jinsi mfumo wao unavyolishughulikia jambo hilo. Msiridhike na maonyesho ya kiwanda cha mfano kinachounganisha baiskeli.

Pili, majina ya vitu. Fungueni jedwali la vipuri na mtafute beringi namba 6205. Sitashangaa mkiikuta mara tatu: mara moja kwa jina la «bearing 6205», mara nyingine «beringi ya kipitishio», na ya tatu kwa jina la duka ilikonunuliwa, kila moja ikiwa na idadi yake na bei yake. Kazi ya kukipa kila kitu namba moja na kipimo kimoja ni ya watu wenu wenyewe, kwa sababu mshauri kutoka nje hawezi kujua kwamba hizo tatu ni kitu kimoja. Ndiyo sehemu inayokula muda mwingi kuliko zote, nayo huwa haimo kwenye bei mliyopewa.

Kuhusu kuanza kabla ya msimu, hapo mpingeni mwenye kampuni kwa heshima lakini bila kulegea. Mpelekeeni mfano wa Hershey, watengenezaji wa chokoleti wa Marekani. Mradi wao wa kufunga mfumo wa namna hii uligharimu takriban dola milioni 112. Tarehe ya kuanza ilichelewa, mfumo ukawashwa Julai 1999, wakati oda za sikukuu za mwishoni mwa mwaka zilikuwa zimeanza kumiminika, na kampuni ikashindwa kupeleka bidhaa zenye thamani ya takriban dola milioni 100 ilhali chokoleti zenyewe zilikuwepo ghalani. Wao walikuwa na uwezo wa kuibeba hasara hiyo. Kiwanda kinachonunua sehemu kubwa ya malighafi ya mwaka mzima katika miezi michache, tena kwa fedha za mkopo wa benki, sidhani kama kinaweza.

Fundi_Mifumo_Mombasa

Ninakubaliana na mwenzangu, na ninaongeza machache kutoka upande wa ufundi. Neno «huria» lisiwapoteze: gharama kubwa ya mifumo hii iko katika kuufunga, kuhamisha kumbukumbu za zamani, kuwafundisha watumiaji na kuurekebisha ufanane na desturi zenu, na gharama hizo zipo katika mapendekezo yote mawili. Kadiri mnavyoomba marekebisho mengi, ndivyo kila toleo jipya linavyokuja na matatizo. Kampuni ya maduka ya Lidl ya Ujerumani iliachana na mradi wake wa SAP, mfumo maarufu wa ERP, mwaka 2018, baada ya takriban miaka saba na kiasi kilichoripotiwa kufikia euro milioni 500. Moja ya sababu zilizotajwa ni kwamba wao walizoea kuthamini bidhaa kwa bei ya kununulia, ilhali mfumo ulijengwa juu ya bei ya kuuzia, na hawakuwa tayari kubadilisha desturi yao.

Ulizeni pia jinsi ankara zitakavyopelekwa TRA kwa njia ya EFD, yaani mashine za kielektroniki za risiti za kodi. Sisi huku Kenya tunalazimika kuunganisha na eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato ya KRA, na kazi hiyo haikuwa ndogo. Mishahara iacheni katika programu ya huko Tanzania ambayo tayari inajua makato ya PAYE (kodi ya mshahara), NSSF (hifadhi ya jamii) na HESLB (mikopo ya wanafunzi). Umeme ukikatika, mizani ya magari ni lazima iendelee kutoa tiketi hata kama intaneti haipo, la sivyo malori yatapanga foleni hadi barabarani.

Mhasibu_Viwanda

Mimi nitakwenda kinyume kidogo na wenzangu: sina hakika kwamba mnahitaji ERP kwa sasa. Ahadi ya «gharama halisi ya kila lita» inategemea uamuzi ambao hakuna programu itakayowafanyia. Mbegu moja inatoa mafuta na mashudu kwa pamoja. Gharama ya mbegu mtaigawaje? Mkigawa kwa uzito, mashudu, ambayo ni mazito zaidi lakini bei yake ni ndogo, yatabeba sehemu kubwa ya gharama na kuonekana yanauzwa kwa hasara, huku mafuta yakionekana na faida ya ajabu. Mkigawa kwa thamani ya mauzo, picha inakuwa ya kuaminika zaidi, lakini inabadilika kila bei ya mashudu inapopanda au kushuka. Amueni hilo kwanza, hata kwenye karatasi. Tiketi za mizani zikiingizwa siku hiyohiyo katika programu ya uhasibu mliyo nayo, na karatasi ya zamu ikiwa na safu tatu tu, yaani mbegu zilizoingia, mafuta yaliyotoka na mashudu yaliyotoka, pengine mtapata sehemu kubwa ya mnachokitafuta.

Mkamuaji_Singida

Ninawashukuru sana. Hoja ya unyevu peke yake imenifumbua macho, maana tuna mtunza ghala aliyewahi kukatwa mshahara kwa upungufu wa namna hiyo. Shida iliyobaki ni mawakala: mwenye kampuni anaona ERP ndiyo itakayozuia fedha za kununulia mbegu zisipotelee vijijini.

Stoo_na_Leja

Hilo halihitaji kusubiri ERP. Kila wakala afunguliwe akaunti yake katika programu mliyo nayo: fedha anazopewa ziandikwe kuwa deni lake, na deni hilo lipunguzwe kwa tiketi ya mizani ya kiwandani tu, kwa uzito uliorekebishwa kulingana na unyevu, wala si kwa daftari lake la kijijini. Asipewe fedha nyingine kabla deni halijashuka hadi kiwango mlichokubaliana. Mkipitisha msimu huu kwa utaratibu huo, mtakuwa na tiketi za msimu mzima za kuwapa wauzaji wa mfumo wazijaribu, na kama hesabu ya ghala itakuwa imeanza kupatana na vitabu, msaini mkataba wakati mashine zimesimama kwa matengenezo, mkianza na manunuzi na ghala tu. Uzalishaji ufuate baadaye.