Kwa nini simba walinzi wa milangoni huko Asia hawafanani na simba wa porini?

Nuru_ya_Sanaa aliuliza:

Wanajukwaa, salaam. Ninafuatilia sanaa ya mawe na ya shaba ya nchi za Asia, na kuna jambo ambalo bado sijapata maelezo ya kuniridhisha. Mbele ya majumba ya kifalme na mahekalu ya China huketi simba wawili wenye vichwa vya mviringo, macho yaliyotokeza, manyoya ya shingoni yaliyosokotwa mafundo mafundo, na mkanda wenye kengele shingoni. Japani nako mmoja hufumbua kinywa na mwenziwe hukifumba. Myanmar simba huwa wakubwa kuliko nyumba, wameketi wima kando ya ngazi za hekalu. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye mtu aliyewahi kumwona simba hai angesema amechongwa kwa kumtazama mnyama mwenyewe.

Naomba kuelimishwa kuhusu mambo mawili. Kwanza, je, hawa wote ni wa asili moja, au kila nchi ilibuni wake? Pili, dume na jike hutofautishwaje, ikiwa wote wawili wana manyoya ya shingoni?

Fundi_Jiwe alijibu:

Ndugu Nuru, nitajibu upande wa China, na wengine wataongezea nchi nyingine.

Nchini China simba hakuwa mnyama wa porini. Alifika akiwa zawadi kutoka kwa wafalme wa magharibi. Kumbukumbu za enzi ya Han zinaeleza kwamba mwaka 87 Waparthi, waliokuwa wakiitawala Uajemi, walituma wajumbe na simba kwa mfalme wa China. Mnyama wa namna hiyo alifungiwa katika bustani ya mfalme na kuonwa na watu wachache. Mchongaji wa mkoani alifanya kazi kwa kufuata masimulizi, michoro, na sanamu ndogo zilizosafiri na wafanyabiashara na watawa wa Kibudha kwenye Njia ya Hariri. Tangu mwanzo, basi, simba wa China ni mtoto wa sanamu nyingine kuliko alivyo mtoto wa mnyama.

Hata hivyo, tusikimbilie kusema kwamba mafundi hao walikosea kwa kutojua. Jozi mojawapo ya kale zaidi ambayo tarehe yake inajulikana kwa hakika iko Jiaxiang, mkoani Shandong, kwenye makaburi ya ukoo wa Wu. Maandishi yaliyochongwa kwenye nguzo ya lango yanataja mwaka 147, yanamtaja mchongaji wa simba hao kwa jina, Sun Zong, na yanataja hata gharama: simba sarafu 40,000, na nguzo za lango sarafu 150,000. Kwangu mimi maandishi hayo yana thamani kubwa kuliko sifa nyingi zinazoandikwa kuhusu sanaa hii, kwa sababu ni nadra sana fundi wa zama hizo kujulikana kwa jina na ujira wake. Sanamu zenyewe zimesimama kwa miguu minne, na hazina chochote cha ule mkao wa kuketi tuliouzoea.

Karne zilipopita, umbo lilibadilika mara kadhaa. Kwenye makaburi ya karne ya 6 ya ukoo wa Liang, karibu na Nanjing, utakuta wanyama wakubwa wenye mabawa, vifua vilivyotutumka, na ulimi mrefu unaoning'inia hadi kifuani. Kisha zikaja kazi za enzi ya Tang. Kwenye kaburi la mama yake Wu Zetian, mwanamke aliyeitawala China, karibu na Xianyang, yupo simba anayetembea, mzito, mwenye misuli ya mabega inayoonekana dhahiri chini ya ngozi. Aliyemchonga huyo alijua fika mwili wa mnyama mkubwa unavyobeba uzito wake. Mwaka 953 ukasubiwa simba wa chuma wa Cangzhou, mkoani Hebei, mwenye kimo cha zaidi ya mita 5, anayebeba mgongoni kiti cha umbo la yungiyungi. Hadi leo ukimtazama kwa karibu unaona mistari ya maungio, pale vipande vya kalibu vilipokutana wakati chuma kilipomiminwa.

Simba unayemwelezea wewe, aliyeketi na kutulia, ni wa enzi za Ming na Qing hasa, yaani kuanzia karne ya 14 hadi mwanzo wa karne ya 20. Kufikia wakati huo kazi yake ilikuwa imekwisha kubainishwa: alinde lango na aoneshe cheo cha mwenye lango. Yale mafundo ya kichwani ni sehemu ya lugha ya cheo, na inasimuliwa kwamba enzi ya Qing ofisa wa daraja la kwanza aliruhusiwa simba mwenye mafundo 13, idadi ikapungua kadiri daraja lilivyoshuka, na maofisa wa chini kabisa hawakuruhusiwa kuweka simba mbele ya nyumba. Kengele na mkanda, nao, humtambulisha mnyama aliyefugwa, mwenye bwana wake. Fundi aliyepewa masharti kama hayo hakuwa na sababu ya kumfuata mnyama wa porini.

Kuhusu dume na jike, usitazame manyoya, tazama miguu ya mbele. Dume huweka mguu wa kulia juu ya mpira uliotariziwa, ambao wengi huueleza kuwa alama ya mamlaka juu ya dunia. Jike huweka mguu wa kushoto juu ya mtoto wake, ambaye mara nyingi amelala chali. Jozi ya shaba iliyo mbele ya Lango la Upatano Mkuu, ndani ya Jumba la Kifalme la Beijing, ndiyo mfano ninaoupendekeza kwa yeyote anayeanza kujifunza, kwa kuwa ndiyo kubwa kuliko zote za jumba hilo na kila alama iko mahali pake.

Mti_wa_Sakura alijibu:

Namshukuru Fundi_Jiwe. Naongeza kuhusu Japani na Okinawa, maana huko kanuni ya mpira na mtoto siyo inayotawala.

Wajapani humwita mlinzi huyu *komainu*. Katika enzi ya Heian, kati ya karne ya 8 na ya 12, jozi ilikuwa na wanyama wawili tofauti kabisa: upande wa kulia simba aliyefumbua kinywa, na upande wa kushoto komainu mwenye pembe moja, kinywa kimefumbwa. Walikuwa wa mbao, wakikaa ndani ya jumba la mfalme, na moja ya kazi zao ilikuwa kuzuia mapazia yasipeperuke. Baadaye walitoka nje hadi kwenye njia za mahekalu ya Kishinto, wakachongwa kwa mawe ili wastahimili mvua, pembe ikatoweka katika sanamu nyingi, na wawili hao wakafanana isipokuwa vinywa. Kinywa kilichofumbuliwa hutamka sauti ya kwanza, kilichofumbwa hutamka ya mwisho, kwa kufuata mpangilio wa sauti za Kisanskriti, lugha ya kale ya India, ulioletwa na Ubudha. Kwa pamoja wanabeba mwanzo na mwisho wa vitu vyote. Ukikabili hekalu, aliyefumbua kinywa yuko mkono wako wa kulia.

Kanuni hiyo ina mfano mmoja mashuhuri unaoivunja, nao unafungamana na hoja ya Fundi_Jiwe kwamba sanamu huzaa sanamu. Katika Lango Kuu la Kusini la hekalu la Todai-ji, mjini Nara, wamo simba wawili wa mawe wa mwaka 1196 ambao wote wamefumbua vinywa. Walichongwa na mafundi waliotoka China ya enzi ya Song, waliokuja kusaidia kulijenga upya hekalu baada ya kuteketezwa vitani. Mafundi hao walichonga kama walivyofundishwa kwao. Mgeni anayepita chini ya lango hilo huvutwa macho na wale walinzi wawili wakubwa wa mbao walio upande wa mbele, akawapita simba bila kuwatazama, jambo linalonisikitisha, kwa sababu maua na utepe uliochongwa kwenye vitako vyao ni kazi ya mikono yenye ustadi wa hali ya juu.

Okinawa, ambako zamani ulikuwa ufalme wa Ryukyu, mlinzi huitwa *shisa*. Wa kijiji cha Tomori aliwekwa mwaka 1689 baada ya kijiji kusumbuliwa na moto mara kwa mara. Mjuzi wa elimu ya mielekeo alieleza kwamba mlima Yaese ulioko mbele yao ndio unaoleta moto, ndipo wanakijiji wakachonga simba wa jiwe na kumwelekeza huko. Yungali pale, na mwilini mwake mna matundu ya risasi za vita vya mwaka 1945. Shisa wa juu ya mapaa ni wa baadaye, kwa sababu watu wa kawaida hawakuruhusiwa kuezeka kwa vigae hadi mwaka 1889; waliporuhusiwa, waezekaji walianza kuwatengeneza kwa vipande vya vigae na chokaa vilivyosalia kazini. Shisa hao huketi peke yao mara nyingi, bila mwenzi.

Nuru_ya_Sanaa alijibu:

Nawashukuru nyote wawili kwa moyo wote. Nina swali la nyongeza. Katika maduka ya sanaa ya Ulaya na Marekani nimeona sanamu hizi zikiuzwa kwa jina la mbwa. Je, kuna ukweli wowote? Na ikiwa wote wametokana na simba wa magharibi, India iko wapi katika mlolongo huu?

Msomi_wa_Bodhi alijibu:

Nianze na India, maana hapo ndipo ninapotofautiana kidogo na Fundi_Jiwe. Anayosema kuhusu mchongaji asiyemwona mnyama ni kweli kwa China, lakini tusiyatandaze juu ya Asia nzima. India ina simba wake wa porini, na hadi leo wamesalia katika msitu wa Gir, jimboni Gujarat. Mesopotamia na Uajemi nako walikuwako. Simba wanne wa Sarnath, waliowekwa juu ya nguzo ya mfalme Ashoka katika karne ya 3 KK, wana taya, mishipa na kucha za mnyama halisi, lakini manyoya yao yamepangwa safu kwa safu kwa utaratibu ambao hakuna simba hai aliyewahi kuwa nao. Kwa hiyo hata pale fundi alipoweza kumwona mnyama, alichagua kumpanga upya. Simba hao ndio waliofanywa nembo ya taifa la India mwaka 1950.

Ubudha ndio uliombeba simba kwenda mashariki na kusini. Buddha huitwa simba wa ukoo wa Shakya, mafundisho yake hufananishwa na ngurumo ya simba, na kiti chake huchongwa kikiwa kimebebwa na simba. Mnyama anayebeba kiti cha mwalimu hakuhitaji safari ndefu kufika kwenye lango la hekalu lake.

Kusini utakuta ukubwa ambao China haikuujaribu kwa jiwe. Sri Lanka, mfalme Kashyapa, aliyetawala kuanzia mwaka 477 hadi 495, alijenga jumba juu ya mwamba wa Sigiriya, na aliyepanda alipita katikati ya miguu ya mbele ya simba mkubwa mno. Kichwa kimekwisha kuanguka. Imebaki miguu miwili yenye kucha, na ngazi inapita kati yake. Huko Mingun, Myanmar, kando ya mto Irrawaddy, yapo mabaki ya simba wawili wa matofali waliobomolewa na tetemeko la mwaka 1839. Kambodia simba husimama kila upande wa ngazi za mahekalu ya Angkor, nyonga zimeinuka kana kwamba wanataka kunyanyuka, ingawa mikia ya wengi imevunjika.

Kuna hadithi moja inayosimuliwa Sri Lanka na Myanmar pia, kwa tofauti ndogo ndogo, ambayo naiona ni ya lazima kwa anayetaka kuwaelewa walinzi hawa. Binti wa mfalme alizaa na simba. Mwana akakua, akakimbia na mama yake kurudi kwa wanadamu, na baba akawatafuta kwa huzuni hadi akawa tishio kwa vijiji. Mwana ndiye aliyemuua. Kwa simulizi ya Myanmar, mwana huyo alijutia tendo lake na akaweka sanamu ya baba yake ilinde hekalu. Hapo mlinzi wa lango ni mzazi aliyedhulumiwa, na ngazi ya hekalu ni mahali pa kumwomba radhi. Maana hiyo haimo kabisa katika simba wa cheo wa Beijing.

Fundi_Jiwe alijibu:

Nakubaliana na Msomi_wa_Bodhi kuhusu India, na mfano wa Sarnath unaitia nguvu hoja yetu sote.

Kuhusu mbwa: ni simba, na Wachina wenyewe huwaita simba wa jiwe. Jina la mbwa lilienezwa na watu wa Magharibi, huenda kwa kuwachanganya na mbwa wadogo wa Beijing waliozalishwa wafanane na simba hao, na kwa sababu komainu wa Japani hutajwa kuwa mbwa wa Korea. Muuzaji anayeandika "mbwa" hasemi lolote kuhusu sanamu yenyewe.

Nikuongezee zoezi moja la macho, Ndugu Nuru. Tafuta picha za karibu za Daraja la Lugou, kusini magharibi mwa Beijing, lililokamilika mwaka 1192. Juu ya nguzo za kingo zake wameketi simba mamia, na hesabu hutofautiana kwa kuwa wadogo wamejificha: mmoja chini ya kidevu cha mama, mwingine mgongoni, mwingine pua tu ndiyo inayochungulia kati ya vidole. Wengi wamebadilishwa katika karne zilizofuata, hivyo kwenye daraja moja unaweza kulinganisha mikono ya enzi mbalimbali. Wa kale wana vifua vyembamba na uso mrefu, wa baadaye wana vichwa vipana na mafundo ya manyoya yaliyo sawasawa.

Unapoandika maelezo ya picha zako, taja kwanza mpiga picha alisimama wapi. Kanuni ya China huhesabiwa na aliye ndani akitazama nje: dume kushoto, jike kulia. Aliyesimama barabarani akilikabili lango huwaona kinyume chake, na vitabu vingi vya picha vimekosea hapo. Lango likielekea kusini, dume atakuwa mashariki, na ukiwa na ramani hutahitaji kubahatisha.