Boila ya mafuta ya 1991: nitengeneze, ninunue mpya, au nihamie hitipampu?

MamaNeema_Lewiston
Wakuu, poleni na baridi. Tuko Lewiston, Maine, nyumba tuliyonunua mwaka juzi, na kule chini kuna boila ya mafuta iliyoandikwa 1991. Tangu Jumamosi inajizima usiku. Nikibonyeza kile kitufe chekundu inanguruma dakika kumi, kimya tena. Fundi aliyekuja alimulika tochi, hakulegeza hata skrubu moja, akasema imezeeka, weka mpya, dola 11,000. Jirani naye anasema achana na mafuta kabisa, weka hitipampu, ile mashine ya umeme inayovuta joto la nje na kuliingiza ndani. Nina watoto watatu na nje ni nyuzi 18 chini ya sifuri. Nishike lipi?

MzeeWaBana
Mama Neema, kabla ya yote acha hicho kitufe. Mara moja inatosha. Kila ukibonyeza, nozeli inapuliza mafuta ndani, na yasipowaka yanatuama palepale. Siku cheche ikikubali, yanalipuka kwa pamoja. Niliwahi kuitwa nyumba ambayo mwenyewe alibonyeza mara saba. Mlango wa boila ulifumuka, masizi yakajaa chumba kizima. Alipoanua shuka kwenye kamba, ukutani nyuma yake palibaki mraba mweupe.

Sasa ugonjwa wenyewe. Boila inayowaka vizuri halafu ikazima, mara nyingi chuma chake hakina kosa. Shuku chujio, nozeli, au jicho. Jicho ni kidude kidogo kinachotazama moto. Likipakwa masizi linadhani moto umekufa, mashine inajifunga. Nozeli ni ndogo kuliko kidole gumba, na mafuta yanasukumwa kwenye kitundu chake kwa psi (kipimo cha shinikizo) 100 hadi 140. Haioshwi, inabadilishwa kila mwaka, na bei yake haifiki hata chakula cha mchana hotelini. Muulize huyo bwana: alipima moshi? Alichomeka kipimo kwenye bomba la dohani? Kama hakupima, alikuja kutalii.

Boila ya chuma cha kusubu ikitunzwa inavuka miaka 30 bila shida. Ukiona maji yanavuja katikati ya vipande vyake, hapo ndipo unazika.

Mbukavu_Portland
Jambo mama. Sisi tulikotoka mafuta hayo ya boila tunayaita mazutu, na kweli ni ndugu yake dizeli, ila hapa yametiwa rangi nyekundu kwa sababu hayalipiwi kodi ya barabara. Mwaka jana yaliniishia Jumapili usiku. Nilienda kituo cha mafuta na madumu mawili, nikamimina galoni 10 za dizeli, nikatoa hewa kwenye pampu, moto ukashika mpaka lori lilipokuja. Kinyume chake usijaribu: mekundu kwenye gari la barabarani ni kosa kisheria.

Tangi lako liko ndani au nje? Likiwa nje, mafuta ya namba 2, haya ya kawaida ya boila, kwenye baridi hii yanaganda kama samli. Wenye matangi ya nje huchanganya na mafuta ya taa.

MamaNeema_Lewiston
Liko ndani, la galoni 275, geji inasoma robo. Chujio sijui hata linakaa wapi.

Msukuma_Auburn
Mimi ni wa hitipampu na sijuti. Jimbo hili lilijiwekea lengo mwaka 2019 la kufunga hitipampu 100,000 ifikapo 2025, likafika 2023, kwa hiyo si majaribio tena. Nina mbili, sebuleni na juu. Mafuta yangu yamepungua mno. Lakini sikung'oa boila, na wewe usiing'oe. Usiku mkali ufanisi unashuka, halafu kule chini kukikosa joto mabomba ya maji yanapasuka.

Swali langu: maji ya kuoga yanatoka wapi? Kama koili, lile bomba la kupashia maji ya kuoga, imo ndani ya boila, basi unachoma mafuta mwezi wa saba ili uoshe vyombo. Ningekuwa na pesa kidogo ningeanza na tangi la maji linalotumia hitipampu, sio hitipampu ya sebuleni.

MzeeWaBana
Hapo Msukuma amenena. Ila boila ya zamani ukiizima kiangazi kizima, ikipoa mihuri yake husinyaa na kuanza kuvuja. Uzime ukijua hilo. Na kwa wale wanaosema umeme ukikatika boila itakuokoa: haikuokoi. Bana (kile kichomeo cha mafuta), pampu, vyote vinakula umeme.

BiZuhura
Jamani kabla hajatoa hata senti, aulize shirika la misaada ya jamii la eneo lake. MaineHousing, shirika la nyumba la jimbo, ina mpango wa msaada uitwao HEAP kwa ajili ya mafuta, na mwingine uitwao CHIP kwa kutengeneza au kubadilisha boila, kulingana na kipato. Watu wetu wengi wanaijua HEAP tu.

MamaNeema_Lewiston
Mrejesho. Nilipata fundi mwingine mwenye leseni. Alipofungua kopo la chujio alinionyesha tope jeusi kama mashapo ya kahawa, akasema hili halijaguswa miaka. Kabadilisha chujio na nozeli, kafuta jicho kwa kitambaa, kapiga brashi ndani, masizi yakajaa nusu ndoo. Akapima: moshi sifuri, ufanisi asilimia 82. Dola 285. Kaning'iniza kadi yenye tarehe pale pembeni. Kisha akauliza king'ora cha kaboni monoksidi kiko wapi. Kilikuwepo, betri haikuwemo.

BiZuhura, fomu ya CHIP nimechukua, boila haitaishi milele. Koili imo ndani kweli, kaka Msukuma, kwa hiyo tangi la maji ndilo la kwanza.

Ila redieta ya jikoni ni moto upande mmoja, upande wa pili baridi, na inagugumia kama tumbo la mwenye njaa.

MzeeWaBana
Hewa hiyo. Pembeni kwa juu pana kiskrubu. Vaa glavu, kinga kikombe, legeza kidogo. Itapuliza, itatema tema, yakija maji matupu funga. Halafu shuka ukaangalie geji ya boila: ikiwa imepoa isipungue psi 12.

MamaNeema_Lewiston
Kumi na mbili na nusu. Kikombe cha kwanza kimetoka cheusi.