Naombeni ushauri: picha ya mji wa Dar usiku kutokea Kigamboni, nataka nimpe mama

MwanaFeri (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada kwa wenye kujua kamera maana hii ni wiki ya tatu nahangaika na sioni dalili.

Mama yangu anastaafu mwezi wa saba. Miaka 22 amevuka pale feri kwenda kazini mjini na kurudi kwetu Kigamboni. Tulivyokuwa wadogo jioni tulikuwa tunashuka ufukweni kumsubiri, tunakaa mchangani tunaangalia taa za mjini zinawaka moja moja mpaka pantoni linafika. Sasa nataka nimpe picha kubwa ya ukutani, sentimita 60 kwa 90, ya mji unavyoonekana kutoka pale pale tulipokuwa tunakaa. Ile minara miwili ya PSPF, jengo la bandari, paa la kanisa la Azania Front, maji yanametameta.

Kamera ni Canon 700D ya mtumba niliyochukua Kariakoo na lenzi yake ile ya 18-55, stendi nimeazima kwa jamaa yangu anapiga harusi. Nimeenda mara nne, nafika saa mbili usiku giza likiwa limekolea kabisa nakaa mpaka saa tatu. Kinachotoka ni mbingu nyeusi kama masizi, majengo hayana umbo unaona madirisha tu meupe yameungua, na picha ina ukungu fulani kama imetikisika wakati kamera ipo kwenye stendi sijaigusa. Halafu kuna vinukta vya kijani vinaelea angani, kila picha, nimefuta lenzi mpaka nimechoka bado vipo. ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) ilikuwa 3200 maana nilisoma usiku unapandisha ISO. Nimekosea wapi?

Bata Maji

Mkuu kamera hiyo ndogo kwa usiku. Tafuta ful fremu (ile yenye sensa kubwa) na lenzi ya 1.4 inayoingiza mwanga mwingi, usumbuke mara moja tu.

Fundi Kiza

Hapana mkuu Bata Maji, tusimwingize kijana kwenye gharama. Kamera ikishakaa kwenye stendi na kitu unachopiga ni jengo ambalo haliendi popote, huhitaji lenzi ya 1.4 wala ISO kubwa, unaacha tu shata (mlango wa kuingizia mwanga) wazi muda mrefu. Hiyo 700D inatosha na inabaki.

MwanaFeri naomba unijibu mambo mawili kabla sijaendelea. Mbele ya lenzi kuna kioo cha filta kimefungwa? Na mama alikuwa anarudi na pantoni la saa ngapi?

MwanaFeri

Filta ipo mkuu, nilinunua nayo, muuzaji aliniambia inalinda lenzi nisiitoe. Mama anatoka kazini saa kumi na moja na nusu, foleni pale Magogoni unaijua, anavuka kama saa kumi na mbili na nusu mpaka saa moja kasoro.

Fundi Kiza

Basi majibu yako yote umeshayasema mwenyewe.

Vinukta vya kijani ni hiyo filta. Taa kali inaingia kwenye lenzi, inagonga mbele ya sensa, kile kipande kinachopokea picha, inarudi nje, inakutana na kile kioo bapa cha filta inarudishwa tena ndani. Hakikisha hivi: fungua picha yako, tafuta taa kali kabisa tuseme ipo chini kulia, kisha angalia juu kushoto umbali ule ule kutoka katikati ya picha. Nukta utaikuta hapo, imegeuka kichwa chini. Ungefuta lenzi mwaka mzima isingetoka. Fungua filta weka mfukoni, ukimaliza kupiga rudisha maana chumvi ya bahari ni kweli inakula vioo.

Sasa muda. Mama yako katika miaka yote hiyo 22 hajauona mji saa tatu usiku akiwa kwenye pantoni, ameuona ule muda ambao jua limeshazama ila mbingu bado ina bluu nzito. Picha unayoitafuta ipo muda huo huo. Giza likishakamilika kamera haiwezi kutofautisha jengo na mbingu, vyote vyeusi, ndo maana unabaki na madirisha yanaelea hewani. Mbingu ikiwa bado na bluu, ukingo wa jengo unachoreka wenyewe, na taa hazijawa kali mno kuishinda mbingu, vinakaa karibu karibu kwa nguvu, sensa inavibeba vyote kwa pamoja.

Na kwetu huku muda huo ni mfupi sana. Wazungu kwao kiangazi wanakaa saa nzima na zaidi bluu ipo tu, sisi tupo karibu na ikweta jua linashuka wima kama jiwe. Kwa Dar sasa hivi mwezi wa sita linazama saa kumi na mbili na robo hivi, Februari ndo linasogea mpaka saa moja kasoro robo. Hesabu kuanzia dakika 15 baada ya jua kuzama mpaka dakika 35, hapo ndo kazi ifanyike. Dakika 20. Ukifika saa kumi na mbili na nusu ukianza kufungua stendi umeshachelewa, fika saa kumi na moja na nusu uwe umeshapanga kila kitu unasubiri.

Shangazi Upanga

Nakazia alichosema Fundi kuhusu mwezi wa sita, na kuna faida nyingine mwanangu. Kutokea Kigamboni kwenye feri mji upo kaskazini magharibi yako, na mwezi huu jua linazama upande huo huo, kwahiyo ule wekundu wa mwisho unabaki nyuma ya majengo. Desemba jua linahamia kusini linazamia kule Kurasini bandarini, picha inakuwa nyingine kabisa. Usisubiri, piga mwezi huu huu.

Nenda siku ya kazi, usiende Jumapili. Saa kumi na mbili na nusu siku ya kazi ofisi nyingi bado wana taa, Jumapili majengo nusu ni giza.

Fundi Kiza

Sahihi kabisa dada. Naendelea na kutikisika.

Pembeni ya lenzi yako kuna swichi mbili. Moja ni ya kutuliza mtikisiko, ukiwa kwenye stendi izime, kuna wakati inatafuta mtikisiko ambao haupo inautengeneza yenyewe. Ya pili ni ya fokasi. Usiku kamera inahangaika kutafuta, na kila ukibonyeza inatafuta upya. Washa skrini ya nyuma, kuza mara 10 kwenye taa ya mbali au ukingo wa jengo, fokasi mpaka taa iwe nukta ndogo kabisa, peleka swichi kwenye MF (fokasi ya mkono) halafu usiguse tena ile pete. Usipige kwa kubonyeza kidole, weka taima ya sekunde 2.

Kusi linavuma sana mwezi huu, stendi usiinyanyue mpaka juu, ule mti wa katikati usiutoe kabisa. Tundika begi pale chini ila liguse mchanga, likining'inia linakuwa pendulumu linatikisa kuliko upepo wenyewe. Miguu zamisha mchangani ukandamize.

Seti: hali ya M (unapanga kila kitu mwenyewe), ISO 100, apecha (tundu la lenzi) 8, RAW (faili ghafi unalorekebisha nyumbani). Shata anza na sekunde 2, mbingu ikizidi kuingia giza ongeza, 4, 8, 15, utamalizia karibu na 30. Piga kila dakika moja au mbili bila kusogeza kitu, utachagua nyumbani. Ukiona kamera baada ya kupiga imeganda muda ule ule uliopigia usiogope haijafa, inapiga picha nyingine ya giza ya kusafisha chengachenga. Kaizime kwenye menyu maana inakula dakika zako 20.

Otieno wa Lenzi

Salamu kutoka Nairobi. Huku tuna shida ile ile ya muda mfupi, nimepiga Upper Hill miaka mingi na ukichelewa dakika kumi umekosa. Naongeza moja tu, ukitoa kamera kwenye chumba au gari lenye kiyoyozi uende nayo joto la pwani lenzi inaingia ukungu. Nilikuja Dar nikapoteza jioni nzima hivyo, nilikuwa nafuta na inarudi. Iache ndani ya begi lililofungwa nusu saa izoee hewa kwanza.

Pia kama utataka mistari ya taa za magari usiweke stendi katikati ya daraja la waenda kwa miguu, watu wakipita linayumba. Weka karibu na nguzo.

Babu Nanga

Vijana mnasahau usalama. Ikulu ipo pale Magogoni, wanamaji wana kambi Kigamboni, na kivuko chenyewe hawataki kamera. Mimi nilishawahi kusimamishwa na mlinzi mahali fulani ule upande wa mjini nikafutishwa picha zote, pamoja na za mjukuu wangu ambazo hazikuhusiana na lolote. Kijana wangu, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa wenu mueleze kama ulivyotueleza hapa, stendi usiiweke karibu na mageti ya feri, na ukikatazwa funga vitu uondoke kwa heshima. Droni ndo usijaribu kabisa bila vibali. Na usiende peke yako, kamera mchangani gizani inaita watu.

Kuhusu maji, angalia jedwali la maji kupwa na kujaa. Siku za bamvua yanapanda na kushuka mita 3 na zaidi, ukiweka stendi ufukweni ujue yanaenda au yanakuja. Yakiwa yanaondoka mchanga unabaki umelowa, zile taa zote unaziona tena chini miguuni.

Bata Maji

Nimejifunza kitu, nilikuwa natupa hela kwenye lenzi. Swali, simu nayo inafaa?

Shangazi Upanga

Inafaa kwa kuangalia kwenye simu. Ukiisimamisha kwenye stendi hali ya usiku inaacha shata muda mrefu zaidi, inapendeza. Ila kwa picha ya sentimita 90 utaona majengo yamelainika kama yamepakwa rangi ya maji. Hiyo 700D ina pikseli 5184 kwa upana, ukigawanya kwa sentimita 90 ni kama nukta 146 kwa inchi, ukutani mtu akisimama hatua mbili inasoma vizuri tu. Na 60 kwa 90 ni uwiano ule ule wa picha ya kamera, hukati hata kidogo.

MwanaFeri

Wakuu nimerudi. Nimeenda jana Jumatano na mdogo wangu, mwenyekiti tulimwona mchana akaturuhusu na akaja mwenyewe kukaa na sisi.

Filta nimetoa, vinukta vimekwisha vyote!! Sina neno. Saa kumi na mbili na dakika 35 mpaka saa moja kasoro tano nimepata picha 14 na kuna sita ambazo nikikuza naona mpaka reli za kwenye balkoni. Mbingu juu bluu, chini kule nyuma ya minara kuna rangi ya chungwa imebaki kidogo, maji yamelala kama shuka maana yale mawimbi yamefutika kwa zile sekunde 15. Nilikuwa nadhani inataka ujanja mkubwa.

Shida iliyobaki kuna bango moja la taa linalobadilisha matangazo, limeungua jeupe kwenye picha zote nzuri. Na taa za barabarani zimetoa rangi ya njano nzito mpaka ukuta wa kanisa unaonekana kama embe.

Fundi Kiza

Hongera sana mdogo wangu, nimefurahi mno.

Bango linaungua kwa sababu taa zake ni kali mno kwa sekunde 15, na matangazo mawili matatu yanapigwa juu ya mengine. Ukirudi, piga ile ndefu, halafu bila kugusa stendi piga nyingine ya sekunde moja au chini yake, hiyo bango linasomeka. Nyumbani unaziweka juu ya nyingine kwenye programu ya GIMP ambayo ni ya bure, unafunua sehemu ya bango tu. Kama hurudi, angalia ile picha yako ya kwanza kabisa ya saa kumi na mbili na dakika 35, mbingu ilikuwa na mwanga zaidi shata ikawa fupi, naamini bango humo halijaungua sana.

Njano, kwa kuwa ulipiga RAW punguza nyumbani taratibu. Usiimalize. Ile njano ndo taa zenyewe zilivyo, ukiisafisha yote mji unakuwa baridi kama wa nchi nyingine.

Shangazi Upanga

Kabla ya kuchapa punguza mwanga wa skrini ya kompyuta mpaka nusu ndo uiangalie tena, picha za usiku kwenye karatasi zinatoka nyeusi kuliko ulivyoona. Chapa kwanza kipande kidogo cha 20 kwa 30 upeleke pale sebuleni utakapoitundika. Karatasi chagua isiyong'aa, sehemu nyeusi za picha zikiwa na kung'aa mama atakuwa anaona balbu ya sebuleni badala ya mji.

MwanaFeri

Asanteni sana wote, sikutegemea mngenishika mkono hivi. Nimechagua picha, naomba mnipe macho yenu. Ninayoipenda ni ya saa moja kasoro dakika kumi. Tatizo ina mstari mrefu wa taa umekatiza majini kutoka kushoto, ni pantoni lilikuwa linakuja upande wetu shata ikiwa wazi, lenyewe halionekani ni mwanga tu umevutika. Nilitaka kuufuta. Halafu mama alipofika nyumbani jana nikamuuliza alivuka saa ngapi, alikuwa kwenye hilo hilo.

Fundi Kiza

Usifute. Chapa hiyo, na nyuma ya fremu andika tarehe na saa.