Duka la vitabu vya kidijitali linafungwa: je, naruhusiwa kuvunja kufuli la vitabu nilivyovilipia?

Mleta uzi
Habari zenu wanajamvi. Kwa miaka minane nimenunua vitabu vya kidijitali katika duka moja la mtandaoni, na sasa vimefika zaidi ya 200. Juma lililopita niliarifiwa kwa barua pepe kwamba huduma hiyo itasitishwa baada ya siku 60, na kwamba baada ya hapo vitabu havitafunguka tena. Nimejaribu kunakili mafaili kwenye kompyuta yangu, yakanakilika, lakini hayasomeki nje ya programu yao kwa sababu yamefungwa kwa ufunguo wa akaunti yangu. Linaloniumiza zaidi ni kwamba baadhi nilimnunulia mama yangu, ambaye macho yake yamedhoofika na husomewa na kompyuta, ilhali katika vitabu kadhaa mchapishaji amezuia usomaji wa sauti. Sikusudii kumgawia mtu wala kuuza. Naomba kujua kama ni kosa kuvunja kufuli la kitu nilichokinunua kwa fedha yangu.

Mkutubi Mstaafu
Pole sana, ndugu mleta uzi. Hapa pana maswali mawili ambayo watu huyachanganya: haki ya kunakili, na haki ya kuvunja kufuli ili uweze kunakili.

Kuhusu la kwanza, mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, katika kesi ya mashine za video za Sony, kwamba mtu anayerekodi kipindi cha televisheni ili akitazame baadaye nyumbani kwake anafanya matumizi ya haki, yaani matumizi ya kazi ya mwingine ambayo sheria inayaruhusu bila idhini ya mwenye hakimiliki. Tatizo lilikuja na sheria ya Marekani ya hakimiliki za kidijitali ya mwaka 1998, iitwayo DMCA, ambayo ilifanya kuvunja kufuli linalozuia kufikiwa kwa kazi yenye hakimiliki kuwa kosa linalojitegemea. Sheria hiyo inatamka kwamba haigusi matumizi ya haki, lakini mwaka 2001, katika shauri la programu ya kufungulia DVD, mahakama ya rufani ilisema kwamba matumizi ya haki hayamhakikishii mtu kuipata kazi kwa njia anayoipendelea yeye. Kwa maneno mengine, unaweza kuwa na haki ya kuingia chumbani na bado ukashtakiwa kwa kufungua mlango, jambo ambalo mimi naliona kuwa dhuluma kwa msomaji mwaminifu.

Suala la mama ni tofauti, na lina matumaini zaidi. Kila baada ya miaka 3 Maktaba ya Bunge la Marekani hutoa misamaha dhidi ya katazo hilo, na miongoni mwa iliyodumu ni ule unaohusu vitabu vya kidijitali ambavyo kufuli lake linamzuia mtu mwenye ulemavu kusomewa kwa sauti.

Msomaji wa Usiku
Naongeza kwamba hukututajia nchi, na nchi hazilingani. Ujerumani inaruhusu nakala ya matumizi binafsi lakini inakataza kuvunja kinga ya kiteknolojia. Uingereza iliruhusu nakala binafsi mwaka 2014, kisha mahakama ikaibatilisha ruhusa hiyo mwaka 2015. Soma sheria ya hakimiliki ya mahali ulipo kabla hujagusa faili lolote.

Vilevile fungua masharti uliyoyakubali siku ya kwanza. Karibu kila duka la namna hiyo huandika kwamba umepewa leseni ya kusoma, ingawa kitufe ulichobofya kiliandikwa “nunua”. Neno hilo ndilo linalotupotosha, na ndiyo maana California ilipitisha sheria mwaka 2024 inayomtaka muuzaji aeleze wazi pale anapouza leseni tu.

Fundi Programu
Usikate tamaa kuhusu fedha zako. Microsoft ilipofunga duka lake la vitabu mwaka 2019, iliwarudishia wateja malipo yote, na waliokuwa wameandika maelezo pembeni mwa kurasa waliongezewa dola 25. Liandikie duka sasa, huku likiwa bado lina watumishi wa kujibu, ukidai mojawapo ya mambo mawili: mafaili yasiyo na kufuli au malipo yako. Hifadhi stakabadhi zote, na upige picha za orodha ya vitabu kabla akaunti haijazimwa. Waandikie pia wachapishaji, kwa kuwa wapo wanaouza vitabu hivyo hivyo bila kufuli.

Mleta uzi
Nawashukuru nyote. Nimeyasoma masharti usiku huu, na kweli neno leseni limo katika aya ya pili. Barua ya kudai malipo nimeshaituma, na kesho nitawaandikia wachapishaji wa vitabu vya mama, vipo kumi na vinne, nikiomba matoleo yanayosomeka kwa sauti. Majibu yakija nitayaweka hapa.