Mrejesho: Andiko la wanawake kunyamaza kanisani
Bwana Yesu asifiwe. Niliomba ushauri kuhusu jumuiya yetu iliyogawanyika juu ya 1 Wakorintho 14:34, andiko linalowataka wanawake wanyamaze katika kanisa, nanyi mkanishauri tusome waraka wote badala ya kubishania mstari mmoja. Tulipofika 11:5, ambapo Paulo anamzungumzia mwanamke anayesali au kuhutubu na kudai tu afunike kichwa, mzee aliyekuwa mkali kuliko wote aliomba mstari urudiwe, kisha akauliza, “Sasa anahutubuje akiwa amenyamaza?” Hatujakubaliana yote; wapo wanaoona kwamba yalikemewa maswali ya kukatiza ibada, kwa kuwa 14:35 inawaelekeza wakawaulize waume zao nyumbani, na hoja hiyo naiona ina uzito. Alhamisi hii tafakari itaongozwa na mama mjane, ambaye, kama alivyotuchekesha mwenyewe, hana wa kumwuliza nyumbani.