Jimbo la Clare kule Ireland lilifutwa kwa nini?

Mkulima wa Newala: Wakuu habari za jioni, kijana wangu yupo form six anasoma historia, jana tunachambua korosho kaniuliza kitu nikakwama. Anasema Ireland kulikuwa na jimbo la Clare lilitikisa serikali ya Uingereza mwaka 1828 ila sasa hivi kwenye bunge la London halipo. Huku kwetu naona majimbo yanagawanywa tu, kama Nanyamba na Ndanda 2015, sasa hilo lilipoteaje? Naomba mwenye kujua.

Mwl. Lindi Mjini: Mkuu umenigusa penyewe. Kipindi hicho Mkatoliki kura anapiga ila bungeni haingii, maana kile kiapo kilikuwa kinaikana imani yake. Daniel O'Connell, wakili, akachukua fomu hivyohivyo. Sasa piga picha, kura zinapigwa mjini Ennis na hakuna kura ya siri (ilikuja 1872), mkulima unasimama unataja jina kwa sauti na mwenye ardhi uliyopanga anakusikia, akitaka anakufukuza shambani. Wakamtaja O'Connell! Kura 2,057, mpinzani wake Vesey Fitzgerald, mtu wa serikali, 982. Serikali ikaogopa nchi itawaka, 1829 ikapitisha sheria Wakatoliki waingie bungeni. Lakini mwaka huohuo wakapandisha sifa ya mpiga kura kutoka ardhi yenye thamani ya shilingi 40 kwa mwaka hadi pauni 10, yaani walewale wanyonge waliompa ushindi wakanyang'anywa kura, hii kitu inaniuma kila nikifundisha.

Kijana wa Mikindani: Naongezea hapo kwa mwalimu. 1885 liligawanywa Mashariki na Magharibi, kwa hiyo mkuu na wao waligawa kama sisi. Mbunge wa Mashariki, Willie Redmond, akauawa vitani Messines kule Ubelgiji Juni 1917, Julai kwenye uchaguzi mdogo akasimama Éamon de Valera, mpigania uhuru wa Ireland, katoka jela mwezi mmoja tu nyuma, akapata 5,010 kwa 2,035 za Patrick Lynch. 1918 akapita bila kupingwa ila yeye na wenzake wa chama cha Sinn Féin London hawakwenda, wakaanzisha bunge lao Dublin Januari 1919. 1922 sehemu kubwa ya Ireland ikajitawala, viti vyao London vikafutwa. Jina Clare lipo mpaka leo ila kwenye bunge la Dublin, na de Valera aliliwakilisha hadi 1959 alipochaguliwa rais.

Mkulima wa Newala: Asanteni sana walimu wangu. Kijana nimempa simu asome mwenyewe, kaniuliza hao wa shilingi 40 kura walirudishiwa lini?

Mwl. Lindi Mjini: Mwambie wao wenyewe wengi walikufa bila kurudishiwa. Wanaume wote wa miaka 21 kwenda juu walipata 1918, miaka 89 baadaye.